Mayai Yalivunjika Upande wa Juu

Mayai yalikuwa yanavunjika upande wa juu.

Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, kabla sijajua lolote juu ya amortiseri. Kila tulipofika Kamituga na kufungua plato, yaani trei za mayai, yai lililopasuka lilikuwa limepasuka kichwani, si makalioni. Tena hayakupasuka popote tu. Ya mbele, karibu na mgongo wa dereva, yalifika salama. Ya nyuma kabisa, kule mkiani mwa gari, ndiyo yaliyogeuka uji. Nilikuwa nayatoa moja moja, nayapangusa kwa kitambaa, nanyamaza.

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Mama aliniita Joviale, na majirani wanasema jina hilo lilikosea mlango. Shule niliiacha katika darasa la nne la msingi, baba alipofariki, nikabaki Mudaka na mama tukilima maharage na kufuga kuku. Kuku waliongezeka. Wanawake wa jirani wakaanza kunipa na mayai yao niwauzie mjini Bukavu, kwa sababu, walisema, mtu asiyesema sana hawezi kudanganya sana. Baadaye nikasikia kwamba Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu, yai ni kitu cha kutafutwa kwa tochi. Ndivyo biashara yangu ilivyoanza.

Biashara ilikuwa yangu, lakini gari lilikuwa la kaka yangu Gérard. Na mdomo pia ulikuwa wa kaka yangu Gérard.

Gari lenyewe ni pikapu. Gérard aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa dhahabu aliyeipenda kwa sababu ya mbio zake. Ina moteri yenye turbo ambayo ingetosha kuvuta magari mawili, magurudumu mapana kama meza, na sauti inayofanya mbuzi wa Nyangezi waingie nyumbani mwa watu. Watoto wanaiita Kimbunga. Gérard anaiosha kabla hajaosha uso.

Mimi nilikuwa nasafiri nyuma, katikati ya plato za mayai na majani makavu ya migomba niliyoyapanga kuyazuia. Mtu aliye nyuma hawezi kusikika na dereva, basi anagonga juu ya kibanda cha dereva kwa mkono. Kugonga mara moja: taratibu. Mara mbili: nenda. Kugonga mfululizo: simama, kuna mtu au kuna kitu kimeanguka. Lugha hiyo niliipenda. Mkono wangu ulijua kusema kile mdomo wangu ulichokiogopa.

Mnunuzi wetu mkubwa Kamituga alikuwa Maman Tatiana, mwenye mgahawa na tanuri la mikate, mwanamke wa sauti inayofika mtaa wa pili. Kila tuliposhusha mzigo aliuliza swali moja:

"Haya mayayi iko ya nani?"

Aliuliza ili ajue nani wa kugombeza. Na Gérard alijibu haraka, "Ya mie, maman." Mimi nilitazama viatu vyangu. Gérard hakuwa na ubaya. Mtu anapouliza swali na hakuna anayejibu, yeye hawezi kuvumilia, lazima ajibu.

Safari moja tulishusha plato ambazo za chini zilikuwa zinadondosha. Maman Tatiana aliweka kidole kwenye ute, akakinyanyua mbele ya macho ya Gérard.

"Baba, niliagiza mayayi ama niliagiza gundi?"

"Barabara, maman. Barabara iko mbaya."

"Barabara njo ile ile kwa batu bote. Sikia muzuri. Mwezi huu tuko na ordination, upadirisho wa padri hapa, parokia yote itakula. Keki, mikate, mayayi ya kuchemusha. Ukileta mazima, kila juma nitachukua ya kwako. Ukiniletea tena supu, nachukua ya Didier. Didier analeta ya Uganda, na yenyewe haikuje ikilia ute."

Kurudi Bukavu sikulala usingizi mzuri. Didier akichukua nafasi ile, wanawake wa Mudaka watauza kuku wao kwa kuchinjwa, na mimi nitarudi kulima shamba la mtu mwingine. Nilikuwa nimeshawapa kuku wangu majina. Ni upumbavu, lakini nilikuwa nimewapa.

Tukapeleka Kimbunga kwa Papa Anaclet, fundi wetu wa mtaa wa Panzi, mzee mwembamba ambaye huongea akiwa chini ya gari na hutoka tu wakati wa kula. Alijisukuma chini, kisha tukasikia sauti yake.

"Gérard, amortiseri zako za nyuma zilishakufa. Zilikufa, zikazikwa, matanga ikaisha."

Nilichungulia. Amortiseri ni ile nguzo fupi yenye mafuta ndani, inayosimama karibu na springi. Springi ndiyo inayobeba gari. Amortiseri inaituliza springi. Bila hiyo gari linaruka, likishuka linaruka tena, kama mtoto aliyenyimwa kitu. Za kwetu zilikuwa zimetoa mafuta hadi vumbi limeganda juu yake kama ngozi ya pili.

"Muende Kadutu kwa Josué," alisema Papa Anaclet. "Na hapana kuniletea makopo."

Duka la Papa Josué ni jembamba, na vyuma vimening'inia kila mahali hadi mteja anaingia ubavu ubavu. Gérard aliingia, akasimama, macho yakawaka. Ukutani kulikuwa na amortiseri nyekundu, nene, zinazong'aa, kila moja na kichupa chake pembeni kilichounganishwa kwa mpira.

"Ah, umeziona," Papa Josué alicheka. "Hizi njo za batu ba mbio. Mu kale kachupa iko gaz. Ukiweka hizi, gari yako itasimama juu sawa bibi-arusi."

"Na zile nyeusi?"

"Zile ni za kubeba simenti na kreti za bière. Haziogope kitu, lakini hazina furaha."

"Na zile za kijivu, kule chini?" Nilikuwa nimeuliza mimi, lakini kwa sauti ndogo sana, na Gérard alirudia ili isikike.

"Zile? Batu hawaziulize. Hazina rangi."

Gérard alikuwa ameshazikumbatia nyekundu kama mtu anayepokea mtoto kutoka ubatizoni. Na nitasema kweli, hata mimi nilizipenda. Zilikuwa nzuri.

"Sharti yangu unaijua," Papa Josué alimwambia. "Leo hii, zikiwa kavu, ukizikataa ninapokea. Zikipata matope, umeoa. Sirudishe mahari."

Kwa Papa Anaclet, nyekundu zilifungwa. Kisha ukaja mtihani. Hapa kwetu kila mtu anaujua: ukibadilisha amortiseri, watu wanapanda juu ya bampa ya nyuma na kuruka, na wote wanatazama gari linavyoshuka. Likishuka kidogo, wanasema ni chuma. Likishuka sana, wanasema ni godoro. Gérard alipanda, na muuza vocha wa jirani, na mama wa ndizi akaacha ndizi zake akapanda pia. Wakaruka. Kimbunga ilishuka kidogo tu.

"Chuma!" alipiga kelele Gérard. "Muliona? Chuma!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nafikiria mayai yangu, namna yalivyopasuka kichwani. Kama shimo la barabarani ndilo lililoyavunja, yangepasuka chini, mahali yanapokalia. Yai linalopasuka juu limerushwa, likapiga plato iliyo juu yake. Basi nilichukua bakuli, nikaweka yai moja ndani, nikaliweka mkiani mwa gari. Nilifanya ishara kwa mkono: rukeni tena.

"Anataka kupika," alisema mama wa ndizi.

Wakaruka. Gari lilishuka, yai likatulia. Wakashuka wote kwa pamoja, na nyuma ya gari ikapanda kwa kishindo, juu kupita mahali pake, na yai langu likatoka bakulini, likapaa, likaanguka kwenye kiatu cha Gérard.

Walicheka hadi muuza vocha akashika tumbo. Gérard hakucheka. Papa Anaclet alitoka chini ya gari, na haikuwa saa ya kula.

"Mama," aliniambia, "umeona nini?"

Wote walinigeukia. Nilihisi masikio yananiungua. Nikasema, "Inarudi mbio."

"Sema tena."

"Kila mutu anaangalia vile inashuka. Inashuka muzuri. Kurudi juu, njo inarudi mbio. Inatupa."

Papa Anaclet aliketi kwenye tairi kuukuu, akapangusa mikono kwenye suruali yake.

"Nyamuzinda, Mungu wangu," alisema polepole. "Na ni mie nilimwongezea lame."

Lame ni vile vyuma bapa vinavyolala kimoja juu ya kingine, ndivyo springi yetu ya nyuma. Kila gari linalokwenda Kamituga linaongezewa, kwa sababu kila gari linalokwenda Kamituga linabeba mzigo wa kulivunja mgongo. Gérard aliomba aongezewe kama wengine, na Papa Anaclet alimwongezea kama wengine. Hakuna aliyeuliza tunabeba nini.

"Lame za simenti, mzigo wa mayayi," alisema Papa Anaclet, akaanza kucheka mwenyewe. "Na sasa juu yake tumeweka gaz inayosukuma! Ni sawa kumufunga mbuzi manati."

"Papa Anaclet, hizi ni za mbio!" Gérard alilalamika.

"Mayayi yako yanashindana na nani?"

Ndipo ngurumo ikasikika upande wa ziwa. Tulitazama juu. Wingu lilikuwa limeshuka hadi juu ya paa za mtaa wa Nguba, jeusi, na upepo ukaanza kuvuruga mifuko ya plastiki barabarani. Kila mmoja alikumbuka sharti la Papa Josué, ambalo mji wote unalijua.

"Umeoa, sha!" muuza vocha alimwambia Gérard. "Mvua njo padri!"

Sijawahi kuona Papa Anaclet akifanya kazi kwa haraka namna ile. Gérard mwenyewe alilala chini na shati lake la Jumapili. Nyekundu zilitoka, nikazifunga kwenye kitenge changu kama mtoto, tukapanda pikipiki watatu, mwendesha pikipiki, mimi na Gérard, tukapanda kilima cha Kadutu matone ya kwanza yakitupiga usoni. Nilizifunika kwa kifua changu. Tuliingia dukani tukiwa tumelowa sisi. Zenyewe zilikuwa kavu.

Papa Josué alizigeuza kila upande, akapitisha kidole, akatafuta tope, akakosa.

"Talaka imekubalika," alisema.

Gérard alisimama katikati ya duka, maji yanamtoka kwenye pua. Alitazama ukutani, halafu alinitazama mimi. Sijui kama alikuwa amechoka au alikuwa anafikiria kiatu chake.

"Jovi," alisema, "chagua weye."

Nilichukua nyeusi, nikaisimamisha sakafuni, nikaisukuma kwa uzito wangu wote. Ilikataa kushuka. Nilipokanyaga jicho lake la chini, ile pete ya kufungia, na kuivuta juu, ilitoka bila ubishi, laini kama koki ya bomba. Hapana. Nilichukua ya kijivu. Nilipoisukuma ilishuka, kwa shida, lakini ilishuka. Nilipoivuta, ilikawia. Nilivuta kwa mikono miwili, mgongo ukauma, nayo ilipanda taratibu, taratibu, kama mtu mzima anayeinuka kitini. Niliirudisha nikaivuta tena, na tena, nisikie kama kuna mahali inaruka au inalegea. Hakuna. Nilichukua ya pili, nayo vilevile.

Papa Josué alikuwa ameegemea meza, amenitazama muda wote bila kuuza kitu.

"Hii duka iko na miaka mingi," alisema. "Batu bote wanasukuma. Leo njo naona mutu wa kuvuta."

"Hazina rangi," Gérard alinong'ona kwa huzuni.

"Yaya," nilimwambia kaka yangu, "ziko chini ya gari."

Papa Anaclet aliziweka, akatoa zile lame alizoongeza, akizitazama kila moja kabla ya kuiweka kando kama mtu anayeaga ndugu. Tulipanga magunia ya unga mbele, yakae juu ya ekseli, gari liwe na uzito wa kulituliza. "Unga haisikie maumivu," alisema Gérard. Mayai tukayapanga nyuma yake hadi mkiani, na mimi nikapewa nafasi juu ya magunia, karibu na kibanda. Kabla ya kuondoka niliweka bakuli na yai. Watu waliruka, wakashuka. Gari lilizama, likainuka mara moja, likakaa. Yai lilizunguka kidogo bakulini, kama linatafuta pa kulala.

Mama wa ndizi alisema, "Sasa huyu hataki kupika tena."

Tuliondoka alfajiri. Hadi Walungu barabara ilitusamehe. Baada ya Burhale ikaanza kuonyesha meno. Mimi nilikuwa nimekaa na mgongo kwenye plato, mkono mmoja juu ya kibanda. Kila shimo, nilihisi magurudumu yanashuka, nikakaza mwili kusubiri ule mrusho wa siku zote, na mrusho haukuja. Mwili wangu ulichelewa kuamini. Tulifika mbali sana kabla mabega yangu hayajashuka.

Kisha tukafika kwenye mteremko wa udongo mwekundu kabla ya Mwenga. Mvua ya jana ilikuwa imeufanya sabuni, na chini kabisa palikuwa na bwawa la matope, na baada yake kilima cha kupanda. Malori mawili yalikuwa yamekwama kando, madereva wamekaa kwenye majani wanakula mihogo. Na hapo, nikaona, limesimama gari dogo jeupe, maboksi yamefungwa kwa turubai. Didier alikuwa amesimama pembeni na suruali ameikunja hadi magotini.

"Gérard!" aliita. "Hata na Kimbunga hupite! Ukienda pole, unazama. Ukienda mbio, unafika na omelette!"

Wale madereva wa malori walicheka. Gérard alisimamisha gari. Nilimwona kwenye kioo cha nyuma, akinitafuta kwa macho. Alikuwa anasubiri mkono wangu. Moteri ilikuwa inanguruma chini yetu, nguvu yote ile ambayo tangu anunue gari alikuwa anaizuia kwa ajili yangu, kwa sababu kila mara nilikuwa nagonga mara moja. Taratibu. Taratibu. Safari zote nilikuwa nimesema neno moja tu.

Nilitazama plato. Nilitazama bwawa. Niliinua mkono nikagonga mara mbili.

Gérard hakuamini, kwa sababu hakuenda. Nikagonga tena, mara mbili, kwa nguvu hadi vidole vikauma.

Kimbunga ilipiga kelele. Tulishuka mteremko ule kama kitu kilichoachiliwa, udongo ukiruka pande zote, na mimi nimekumbatia plato zilizo karibu. Tuliingia kwenye matope, na maji mekundu yakainuka kama mabawa. Magurudumu ya nyuma yakaanguka kwenye shimo lililofichika, nikafunga macho. Gari likainuka. Likainuka kama mtu mzima anayeinuka kitini. Likakaa. Turbo ikapiga mluzi, magurudumu yakashika, tukapanda kilima bila kusimama, na nyuma yetu nikasikia madereva wa malori wakipiga miluzi na mmoja akipiga sufuria yake kwa kijiko. Didier alikuwa mwekundu kuanzia nywele hadi miguu. Kwa kweli tulimmwagia sisi.

Juu ya kilima Gérard alisimamisha gari, akatoka mbio. "Yamepona?"

Nilifungua plato ya mwisho kabisa, ile ya mkiani. Tukatazama pamoja. Mayai yalikuwa yamekaa kila moja kwenye shimo lake, safi, yametulia kana kwamba kuku hawajajua kuwa yametoka.

Gérard alikaa chini kwenye majani. Akaanza kucheka, halafu akapiga magoti mbele ya gurudumu la nyuma, akachungulia zile za kijivu, zimejaa matope hadi juu.

"Sasa tumeoa," alisema.

Tulirudi na kamba tukamvuta Didier na gari lake. Hayo ndiyo mambo ya barabara ile, huwezi kumwacha mtu. Alishukuru huku anatema udongo. Nusu ya maboksi yake yalikuwa yamelowa.

Kamituga tulifika kabla ya jua kuzama. Wanawake wa parokia walikuwa wanaosha masufuria nje ya mgahawa, na kwaya ilikuwa inafanya mazoezi mahali fulani, sauti ya pili ikikosea. Maman Tatiana alitoka na bakuli mkononi, tayari kukinga ute. Alifungua plato ya juu. Akafungua ya chini. Akatoa plato ya mkiani, akaitikisa sikioni mwake, akainua yai moja kwenye mwanga wa jua, akalizungusha, akatafuta ufa kichwani na makalioni. Akaweka bakuli lake chini.

"Eee, wamama, mukuje muone!" aliita, na mtaa wa pili ukasikia. "Mayayi yametoka Mudaka, hata moja haijalia!"

Wanawake walikuja na mikono ya povu. Mmoja akaanza kupiga vigelegele, wengine wakafuata. Maman Tatiana akasimama katikati yao, yai bado liko mkononi, akageuka upande wetu, na akauliza swali lake, lakini safari hii hakutafuta wa kugombeza.

"Haya mayayi iko ya nani?"

Gérard alifungua mdomo, kama siku zote. Mimi nilikuwa bado juu ya gari, nimejaa matope hadi kwenye kope. Mkono wangu ulitaka kugonga kibanda. Niliushusha.

"Ya mie, maman," nilisema, na sauti yangu ilifika hadi kwa wale wa kwaya, kwa sababu walinyamaza. "Tangu ya kwanza, ni mayayi yangu. Naitwa Joviale."